Tumbo Nalo Lina Stetimenti Yake

Kazi yangu ni kukaa. Kibanda changu cha M-Pesa kiko Kawangware, si mbali na steji ya 46, na ndani yake kinatosha kiti, rafu ya kadi za simu, daftari la miamala na mimi. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa mbili usiku. Wateja wengi hawajui jina langu. Mimi ni Mama M-Pesa, na kwa vijana wa boda ni mathe tu: "Mathe, nitolee thao mbili," yaani shilingi elfu mbili. Miaka kumi na mmoja ya kukaa hivyo ilinifikisha kilo 94, na urefu wangu ni mita 1.62.

Kilo hizo nilizijua hadharani. Kuna mzee hukaa na mizani kando ya barabara, unapanda kwa shilingi ishirini, naye huisoma namba kama makanga anayeita abiria. "Tisini na nne, mama!" Mwenye nyanya akageuka. Mwezi huohuo kliniki moja ya mtaani ilikuwa imenipima sukari kabla sijaonja kitu, ikasoma 6.4, nikaambiwa naelekea kwenye kisukari. Ushauri ulikuwa maneno mawili: "Punguza mwili." Kabla sijauliza vipi, aliyekuwa nyuma yangu akaitwa.

Leo nina kilo 84 na kidogo. Imechukua mwaka na miezi minne, na katikati hapo nilipanda tena mara mbili. Nitakueleza kwa mpangilio ambao ningetamani mtu anieleze mimi. Mwenyewe nilianza kwa kujinyima chakula cha jioni, nikadumu siku tisa, ya kumi nikala chapati tano nimesimama jikoni.

Wiki mbili za kwanza, usipunguze kitu. Andika.

Wakala wa M-Pesa analijua jambo moja vizuri: pesa isiyoandikwa imepotea. Floti, yaani pesa ya kuendeshea kibanda, ikipungua shilingi mia tatu jioni, sikai kujilaumu, napitia daftari mstari kwa mstari mpaka niione ilikopitia. Mwili wangu ulikuwa umeongezeka kilo thelathini tangu nizae mtoto wa kwanza na sikuwa na mstari hata mmoja.

Binti yangu, anayesomea uuguzi, ndiye aliyesema, "Mama, si uangalie meseji zako?" Nikamuuliza meseji gani. Akachukua simu yangu, akashuka nayo. Ksh 150, chipsi. Ksh 70, soda. Ksh 60, mandazi na smokie. Kila meseji ina tarehe na saa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 sisi Wakenya tumekuwa tukiandikiwa shajara ya chakula bila kuomba, ila tunaifuta simu ikijaa.

Kwa hiyo anzia hapo. Pitia meseji za siku thelathini zilizopita, au piga *334# uombe stetimenti yako, ikutumiwe kwa barua pepe. Chukua kalamu, uweke alama kwenye kila malipo yaliyoishia mdomoni. Usijumlishe pesa, utalia bure. Tazama saa.

Yangu yalirundikana mahali pamoja. 4:17 PM. 4:32 PM. 4:09 PM. 4:40 PM. Siku kumi na tisa kati ya thelathini nilikuwa nimenunua kitu kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Miaka yote nilikuwa naulaumu ugali wa usiku, kumbe ugali hauna hatia kubwa hivyo. Saa kumi ni ule wakati wateja wa mchana wameisha na wa jioni hawajashuka kwenye matatu. Jua linapiga mabati, nimekaa, na mwenye bhajia yuko hatua nane mbele yangu na kabati lake la kioo. Haikuwa njaa. Nilikuwa nimechoka kukaa, basi.

Vya taslimu havimo kwenye simu, kwa hiyo tafuta daftari dogo la shilingi ishirini, ulifungie kalamu kwa uzi kama letu la kazini, maana kalamu ikipotea mpango umekufa. Andika saa, kitu, kiasi, na neno moja la hali: njaa, uchovu, hasira, wageni. Kama kuandika ni kazi, piga picha ya sahani kabla hujaila. Picha ina faida nyingine: ukiinua simu juu ya sahani unaiona sahani.

Na andika chai. Mimi nilikuwa nanywa vikombe vitano vya chai ya maziwa kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Kijiko cha chai ni takriban gramu 4, hivyo ni gramu 60 kabla sijagusa soda. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vijiko sita. Soda ya kola ya nusu lita peke yake hubeba gramu 50 na zaidi. Hesabu hizi zilinifunga mdomo, maana sikuwahi kuiita chai chakula.

Pigania saa moja tu

Ukishaiona saa yako mbaya, achana na zilizobaki. Ukitaka kubadilisha kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha usiku kwa wiki moja, utafanya kama mimi na chapati zangu tano.

Kwanza niligeuza kiti. Kilikuwa kinatazama barabara, yaani kabati la bhajia. Nikakiweka ubavu, nikawa natazama ukuta na wateja wanaokuja kutoka upande wa steji. Unaweza kucheka. Mwenye bhajia alicheka pia, akaniuliza kama ana deni langu. Lakini bhajia usiyoiona huikumbuki mara nane kwa saa.

Pili, nilijipangia sentensi, nikaiandika nyuma ya daftari: *Ikifika saa kumi na nikatamani kitu, nitakula yai na ndizi nilivyokuja navyo, kisha nitasimama nipange kadi.* Ilinisaidia kwa sababu uamuzi ulikuwa umefanywa asubuhi na mtu aliyeshiba. Saa kumi jioni mimi si mtu wa kuachiwa maamuzi. Sentensi yako iwe na "ikifika" na "nitafanya", na hicho kitu kiwe tayari mkobani. "Nitajaribu kula vizuri" hiyo ni salamu tu.

Tatu, kengele ya simu saa tisa na dakika hamsini. Niliandika jina lake "Yai". Dakika kumi kabla ya tamaa ni bora kuliko dakika mbili baada yake.

Sikuacha bhajia. Nakula Ijumaa, na jirani yangu ameshajua, hunichagulia za katikati zisizolowa mafuta.

Jikoni, kadogo ni rafiki

Watu wa hesabu hutucheka sisi wa kadogo, tunaonunua vitu kidogo kidogo: kwa nini ununue mafuta ya kupima kila siku wakati jerikeni ni nafuu kwa lita? Ni kweli kwa mfuko. Lakini mimi nilipoanza kununua jerikeni ya lita 3, sufuria yangu ilianza kuogelea. Jerikeni halikuulizi umemimina kiasi gani. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina takriban kalori 120, na kwa mkono wa mtu mwenye jerikeni ni rahisi kumwaga vinne kwenye sukuma za watu wanne kabla ya kitunguu kuiva. Nimerudi kwa mafuta ya kupima. Nalipa zaidi kidogo kwa lita na natumia nusu ya niliyokuwa natumia. Kama una jerikeni tayari, usilitupe, mimina ya siku mbili kwenye chupa ndogo na ulifiche lile kubwa chini ya sinki.

Sahani: nusu iwe mboga, robo ugali au wali au chapati, robo maharagwe, ndengu, omena, samaki au nyama. Kwa ugali mimi hutumia ngumi yangu. Na pakua jikoni. Sufuria ikikaa mezani, mkono unatembea wakati wa habari za saa moja. Hilo tu lilinipunguzia sahani ya pili, ambayo sikuwa nimewahi kuiandika popote.

Sikununua chakula chochote cha "dayati". Nduma, viazi vitamu, githeri na sukuma vilikuwepo Kawangware kabla ya hayo makopo.

Hatua, saa ya mkononi, na mashimo ya barabara

Karibu kila simu ya kisasa inaweza kuhesabu hatua, hata zile za bei ya chini, mradi uiweke programu yake na uiruhusu. Tatizo la wanawake ni kwamba simu hukaa mkobani au juu ya kaunta, hivyo hesabu inakuwa ya simu, si yako. Mimi nilishona mfuko kwenye aproni. Wiki ya kwanza wastani wangu ulikuwa hatua 2,300 kwa siku. Siku moja tu zilifika elfu sita, nikafurahi, halafu nikakumbuka nilikuwa nimepanda matatu mbili siku hiyo, simu mapajani. Zile zilikuwa hatua za mashimo.

Usianze na elfu kumi. Namba hiyo haikutoka hospitali. Ilitoka Japani mwaka 1965, kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa kwa jina la manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Utafiti wa Marekani uliotoka 2019 uliwafuatilia wanawake wazee, ukaona waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini kuliko waliotembea 2,700, na faida ikawa haiongezeki tena baada ya kama 7,500. Chukua wastani wako wa wiki ya kwanza, ongeza elfu moja, ukae hapo wiki mbili, kisha uongeze tena.

Elfu zangu nilizipata kwenye matatu. Nikitoka mjini kuweka floti nashuka Valley Arcade badala ya kufika na gari mwisho, napanda Gitanga Road kwa miguu. Ni mwendo wa nusu saa na zaidi kidogo kwa mguu wangu, na siku za foleni nawapita waliobaki garini. Mvua ikinyesha sishuki. Siyo jeshi.

Kijana wangu alitaka ninunue saa ya mkononi inayopima mapigo na usingizi. Dada yake akamweleza utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, uliochapishwa 2016. Vijana 471 wenye uzito uliozidi walifundishwa wote lishe na mazoezi, na baada ya miezi sita nusu yao wakapewa kifaa cha kuvaa. Miaka miwili ilipoisha, wenye kifaa walikuwa wamepunguza wastani wa kilo 3.5, na wasio nacho kilo 5.9. Sisemi saa ni mbaya. Kama unayo, itumie. Ila kijana wangu alinyamaza, na mimi nikanunua viatu.

Mizani na ile namba

Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, nguo zilezile. Mimi ni Jumamosi asubuhi kabla ya chai, kwa mzee yuleyule, maana mizani mbili za barabarani haziwezi kukubaliana. Uzito hucheza kilo moja au mbili kwa maji tu: chumvi, hedhi, nyama choma ya Jumapili. Kwa hiyo tazama wiki nne pamoja, usizitazame mbili.

Pima na kiuno, kwa tepu ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Kipimo rahisi cha kukumbuka ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Nusu yangu ni sentimita 81, nilianza na 108, sasa 97. Kuna miezi mizani haikusogea hata nukta na tepu ikashuka sentimita mbili. Bila tepu ningeacha.

Lengo lako liwe dogo mpaka uone haya. Ukigawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, mimi nilikuwa na 35.8, na kuanzia 30 Shirika la Afya Duniani linauita unene wa kupindukia. Kufika chini ya 25 ningetakiwa kupoteza karibu kilo thelathini, na mtu akikutajia thelathini unaagiza soda. Lakini Marekani walichapisha mwaka 2002 majaribio ya watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda kama yangu. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, huku wakiandika wanachokula, lilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, dawa ya kisukari, walipunguza kwa 31. Asilimia 7 ya kilo 94 ni kilo sita na nusu. Sita na nusu naziweza.

Mpaka leo ile hesabu ya kilo na urefu inanipa 32, bado naitwa mnene. Sukari ya mwisho ilisoma 5.5.

Watu watasema

Nairobi ukinenepa unaambiwa maisha yamekukubali. Ukikonda, wanakuita pembeni. "Mama M-Pesa, uko sawa? Ni nini, ni Baba Wairimu?" Mteja mmoja wa miaka mingi aliniombea papo hapo kwenye dirisha, mkono juu ya kaunta. Andaa jibu fupi mapema. Langu ni: "Nimeambiwa na daktari nitembee." Neno daktari hukata maswali mengi.

Kwenye chama tuko kumi na wanne, lakini kundi la WhatsApp la jambo hili tuko watatu. Kila Jumapili usiku kila mtu anatuma namba moja tu: siku ngapi wiki hiyo ameandika. Hatutumi kilo. Mwanzoni tulituma, na aliyepanda akawa kimya wiki mbili, tukajua tumekosea. Aliyetuma sifuri hapigiwi mahubiri, anapigiwa simu.

Programu, na wauza miujiza

Nilijaribu programu tatu za kuhesabu kalori. Moja iliniuliza maswali manne, ikaniamuru nile kalori 1,200, kisha ikaomba kadi ya benki. Nyingine haikujua sukuma wiki, na ugali ikauita uji wa mahindi. Kama wewe ni mtu wa namba, kuna jedwali za vyakula vya Kenya zilizochapishwa na serikali pamoja na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, mwaka 2018, zinapatikana bure mtandaoni, na humo githeri ni githeri. Mimi daftari lilinitosha.

Programu ya hatua ikiomba ruhusa ya kusoma majina ya watu kwenye simu yako, ikatalie. Tumeona programu za mikopo zikiwapigia shemeji na waajiri wa watu, hatuhitaji nyingine iwajulishe kiuno chetu. Sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019, lakini kidole chako kina kasi kuliko mahakama.

Chai na vidonge vya kuyeyusha mafuta vinavyouzwa kwenye mitandao, viache. Baadhi ya bidhaa za aina hiyo zimepimwa zikakutwa na sibutramini, dawa ya kupunguza uzito iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo. Sindano mpya za kupunguza uzito ni dawa halali, lakini ni za daktari, si za mtu anayekuomba utume pesa kwanza. Na kama unatumia insulini au vidonge vya sukari au presha, ongea na kliniki kabla ya kubadilisha chakula, maana dozi huenda ikahitaji kupunguzwa. Mjamzito asijaribu haya. Na ukiona unakonda bila kufanya lolote kati ya niliyoyaeleza, nenda ukapimwe.

Desemba

Desemba nilienda ushago siku kumi na mbili. Mbuzi wawili, harusi moja, soda kwa kreti. Daftari lilibaki Nairobi. Nilirudi na kilo tatu na hasira, na nilitaka kufunga wiki nzima nizilipie. Binti akaniuliza, "Floti ikipungua, huwa unafunga duka?" Nikalitafuta daftari, nikaandika tarehe 2 Januari, saa moja asubuhi, chai, sukari kijiko kimoja. Hizo tatu ziliondoka kufikia katikati ya Februari.

Jumamosi iliyopita mzee alisoma 84.3, kwa sauti ileile. Nikampa ishirini yake, nikaandika, nikakimbia kufungua, maana foleni ilikuwa imeshafika kwa mwenye nyanya na kijana mmoja wa boda alikuwa anapiga honi, anataka thao mbili.